Kutoka mfupa wa Ishango mpaka Père Lachaise: safari ya treni ya mwalimu wa hesabu

Ijumaa, Brussels

Nimefikia kwa mwenyeji wangu, mtu wa Butembo, anakaa Matonge, sio ile ya Kinshasa, hii ya Brussels iliyopewa jina la ile, mtaa wa saluni za kusuka na maduka ya samaki wakavu na pondu (kisamvu), ukifumba macho unasikia Kilingala kushoto na Kiswahili cha Kivu kulia. Asubuhi tumetembea kwa miguu mpaka makumbusho ya sayansi asilia, sio mbali. Watu wanaenda pale kuona Iguanodon, yale madinosaria yaliyotolewa kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart mwaka 1878, na kweli yanatisha, watoto wanapiga kelele. Sisi tumeyapita tu. Tulikuwa tunatafuta kitu cha sentimita 10.

Mwenyeji wangu kwenye tiketi kanuna. "Mwalimu, mufupa ni ya kwetu, halafu tunalipa juu ya kuiangalia!" Sikuwa na jibu, nikalipa zote mbili.

Mfupa wa Ishango aliuibua Jean de Heinzelin, mjiolojia wa Kibelgiji, mwaka 1950, akichimba pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, enzi za Kongo ya Wabelgiji, leo ni Kivu Kaskazini ndani ya hifadhi ya Virunga. Umri wake unakadiriwa kama miaka 20,000 hivi. Ni wa kahawia iliyokolea, ncha moja imechomekwa kijiwe cha kwatzi kwa hiyo kilikuwa kifaa cha kazi, cha kuchora au kuchanjia, na ubavuni kote kuna chale. Na chale hazijatupwa ovyo, zimepangwa mafungu mafungu kwenye safu tatu. Nikatoa daftari nikanakili.

Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17, 19. Hapo mwalimu yeyote wa hesabu nywele zinamsimama, maana hizo ndo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Jumla yake 60. Safu nyingine: 11, 21, 19, 9. Jumla tena 60! Na ya tatu, 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, jumla 48.

Sasa hapa ndo watu wanapotofautiana. Wapo wanaosema hawa wavuvi wa Semliki walijua namba tasa, mi hiyo siimezi haraka hivyo, namba tasa ili uijue lazima kwanza uwe umeshajua kugawanya mpaka ukagundua kuna namba zinakataa kugawanyika, na kama ulizijua mbona uanze na 11 uiache 2, 3, 5 na 7 nje? Alexander Marshack wa Marekani aliukagua kwa hadubini akasema ni kalenda ya mwezi wa angani, 60 ni kama miezi miwili, 48 mwezi na nusu. Na wapo wanaosema bwana, hizo chale ni za kushikia tu mkono usiteleze.

Mi moyo wangu uko kwenye ile safu ya 11, 21, 19, 9. Iangalie vizuri: kumi na moja juu yake, ishirini na moja juu yake, ishirini toa moja, kumi toa moja. Na ile ya tatu, 3 halafu 6, 4 halafu 8, 10 halafu 5. Kurudufu na kugawa nusu. Hiyo ni hesabu ambayo mtu anayegawana samaki na wenzake anaihitaji kila jioni, na mtu wa hivyo simtilii shaka hata kidogo. Tumesimama pale kwenye kioo muda mrefu mpaka kundi la wanafunzi likatusukuma, mwenyeji wangu anahesabu chale kwa kidole hewani, akabisha eti ile 10 yeye anaona 9. Sio yeye wa kwanza, chale zingine zimefifia na wataalamu wenyewe wanabishana.

Jumamosi, Leiden

Treni asubuhi, nikabadilisha, nikafika Leiden mvua inanyesha ile ya kukukera tu. Huu mji una kitu kimoja kizuri sana, wameandika fomula kubwa kubwa kwenye kuta za nyumba! Kanuni ya Snellius ya kupinda kwa mwanga iko ukutani, mlinganyo wa Einstein uko kwenye ukuta wa makumbusho ya Boerhaave, watu wanapita na baiskeli zao wala hawageuki.

Lakini mi nilifuata kaburi. Ndani ya Pieterskerk, kanisa kubwa la zamani, kuna jiwe la kumbukumbu la Ludolph van Ceulen. Huyu jamaa alizaliwa Hildesheim Ujerumani mwaka 1540, akahamia Uholanzi, kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupigana kwa upanga. Kweli kabisa, alikuwa na shule ya upanga, na pembeni akifundisha hesabu. Kilatini hakujua, kwa hiyo vitabu vikubwa vya wakati ule ilibidi rafiki zake wamtafsirie. Na huyu ndo aliyekaa miaka na miaka akitafuta desimali za pai mpaka akafikisha 35:

3.14159265358979323846264338327950288

Jinsi alivyofanya ni njia ya Archimedes, yule Mgiriki wa kale, haina uchawi wowote, na nimeifanya mwenyewe kwenye benchi la kanisa kwa kalamu. Chora duara lenye nusu kipenyo 1. Ndani yake weka umbo la pande 6, kila upande unatoka 1, mzunguko wote 6, gawa kwa 2 unapata 3, hiyo ndo pai ya mtu mvivu. Sasa rudufu pande ziwe 12: chukua urefu wa upande wa zamani uuzidishe kwa wenyewe, jibu litoe kwenye 4, tafuta kipeuo cha pili, hicho nacho kitoe kwenye 2, tafuta kipeuo cha pili tena, huo ndo upande mpya. Zidisha kwa idadi ya pande, gawa kwa 2. Pande 12 zinakupa 3.1058. Pande 24 zinakupa 3.1326. Nilifika hapo kwa mkono nikachoka nikatoa simu: pande 48 ni 3.1394 na pande 96, pale alipoishia Archimedes mwenyewe, 3.1410.

Kila ukirudufu ni vipeuo viwili. Ludolph alikwenda mpaka umbo la pande 2 kwa kipeo cha 62, hiyo ni trilioni mara milioni 4 na ushee, kila kipeuo kwa tarakimu zaidi ya 35, kwa unyoya wa kuandikia na wino. Nilikuwa nakaa pale najiuliza mkewe alikuwa anamwonaje. Kumbe mkewe, Adriana, ndo aliyechapisha kazi zake baada ya mzee kufariki mwaka 1610! Wajerumani kwa muda mrefu waliiita pai "namba ya Ludolph".

Jiwe lenyewe la asili lilipotea, hili la sasa limewekwa mwaka 2000 kwa maneno ya lile la zamani maana watu walikuwa wameyanakili. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba jiwe halisemi pai ni hii hapa. Linatoa namba mbili, moja inaishia 288 na nyingine 289, linasema mzingo ni mkubwa kuliko hii na ni mdogo kuliko hii. Mtu anajua kabisa alichonacho na anajua kinapoishia. Na desimali zote 35 ni sahihi. Mfananishe na William Shanks wa Uingereza ambaye mwaka 1873 alitangaza desimali 707, dunia nzima ikazinakili, mpaka miaka ya 1940 D. F. Ferguson akagundua kuanzia ya 528 ni makosa matupu. Shanks alishakufa zamani, bora hakujua.

Jioni nimekula chipsi na mayonezi, hawa watu pilipili hawana.

Jumapili, njiani

Siku ya treni tu. Uholanzi hadi Hannover, halafu Göttingen. Treni ya mchana ilichelewa nikakosa ya kuunganisha, nikakaa stesheni na mkebe wangu wa hesabu najaribu kuchora umbo la pande 7 zilizo sawa kwa bikari na rula peke yake, bila kupima nyuzi. Nilijua haiwezekani, imeshathibitishwa haiwezekani, lakini unajua mikono ina ubishi wake. Pande 3 rahisi, 4 rahisi, 5 inahitaji ujanja kidogo, 6 mtoto anachora. 7 inakukatalia kwa unywele mmoja kila mara. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekaa karibu akaangalia karatasi, akaangalia mimi, akahama kiti.

Jumatatu, Göttingen

Mji mdogo, wanafunzi kila kona. Kwenye uwanja wa mjini kuna sanamu ya binti mwenye mabata bukini, anaitwa Gänseliesel, na desturi ni kwamba ukimaliza PhD unapanda pale unambusu. Nimemkuta ana maua shingoni, inaonekana kuna mtu kamaliza.

Kaburi la mwanahesabu Carl Friedrich Gauss liko kwenye bustani ya Albani, zamani ilikuwa makaburi ya mji. Alizaliwa Braunschweig 1777, mtoto wa watu wa kawaida kabisa, akafia hapa 1855. Mnaijua ile ya mwalimu kuwapa watoto wajumlishe 1 mpaka 100 ili apate kupumzika, Gauss mdogo akaleta jibu 5050 hapo hapo, ile imeongezwa chumvi na kila msimuliaji, na mi pia darasani naiongeza. Ya uhakika zaidi ni hii: tarehe 30 Machi 1796, akiwa hajatimiza hata miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 linachoreka kwa bikari na rula. Tangu Wagiriki, miaka 2,000, hakuna mtu aliyeongeza hata umbo moja jipya la namba tasa juu ya 3 na 5, halafu anakuja kijana mmoja anaruka 7, anaruka 11, anaruka 13, anatua kwenye 17. Alifurahi mpaka akaamua kuacha lugha akasoma hesabu, na akaanza daftari la kumbukumbu, na hicho ndo kitu cha kwanza alichoandika.

Kwa nini 17? Kwa sababu 17 ni 16 jumlisha 1, na 16 ni 2 ikirudufiwa rudufiwa tu. Bikari na rula kazi yake kubwa ni kutoa vipeuo vya pili, na kipeuo cha pili ni kama kugawa nusu, kwa hiyo ukihitaji hatua za nusu nusu mpaka mwisho, 16 inakubali, 6 ya kwenye 7 haikubali maana kuna 3 ndani yake. Nimefupisha sana wenye taaluma msinirukie. Zinazofuata ni 257 na 65537. Kuna Mjerumani anaitwa Johann Gustav Hermes alikaa miaka 10 kuandika jinsi ya kuchora umbo la pande 65537, karatasi zake zaidi ya 200 zinatunzwa hapa hapa Göttingen kwenye sanduku, sijui nani amewahi kuzisoma zote.

Inasimuliwa Gauss alitaka umbo la pande 17 lichongwe kwenye kaburi lake, fundi mawe akakataa, akasema pande 17 zitaonekana duara tu. Nimezunguka jiwe lote kutafuta, halipo. Ila kule Braunschweig chini ya sanamu yake waliweka nyota ya ncha 17, angalau nyota haifanani na duara.

Mchana nimeenda makaburi makubwa ya mji, Stadtfriedhof. Wapo wanafizikia Max Planck na Max Born, na yupo mwanahesabu David Hilbert, aliyefariki 1943, jiwe lake limeandikwa maneno yake mwenyewe: lazima tujue, na tutajua. Nimesimama pale nikamfikiria zaidi mtu ambaye hakuzikwa hapa. Mwanahesabu Emmy Noether alikuja Göttingen 1915 kwa mwaliko wa Hilbert na Felix Klein, maprofesa wa idara zingine wakagoma mwanamke asipewe ruhusa ya kufundisha, basi Hilbert akawa anatangaza kozi kwa jina lake yeye halafu anayeingia darasani ni Noether. Bure, bila mshahara. Mwaka 1918 akatoa ile theoremu yake, kwamba kila ulinganifu wa asili una kitu chake kisichopotea: sheria za fizikia zikiwa zile zile jana na leo, basi nishati haipotei, zikiwa zile zile hapa na pale, basi momenta haipotei. Fizikia yote ya leo imekaa juu ya hiyo. Mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kwa sababu ni Myahudi, akaenda Marekani, chuo cha Bryn Mawr, akafariki 1935. Na idara iliyokuwa ya kwanza duniani ikafa ndani ya miezi tu, kwa ujinga wa watu wachache wenye mihuri.

Jumanne, Basel

Hii ndo siku niliyoisubiri. Treni moja tu toka Göttingen mpaka Uswisi, bei za huku msiniulize, nilinunua mkate na ndizi nikatulia.

Basel ni mji wa Bernoulli, ukoo wa wanahesabu. Kwenye baraza za kanisa kuu la Münster, ukutani, kuna kibao cha Jakob Bernoulli aliyefariki 1705. Huyu alilipenda sana pinda la kilogarithimu, ile spirali ambayo kila ikizunguka raundi moja nafasi inaongezeka kwa uwiano ule ule, unayoiona kwenye makombe mengi ya baharini. Ukiikuza au ukiipunguza inabaki na umbo lake lile lile, ndo maana akaomba iwekwe kaburini kwake pamoja na maneno ya Kilatini *Eadem mutata resurgo*, nikibadilika nainuka yule yule. Sasa nenda kaangalie alichochonga fundi! Amechonga spirali ambayo raundi zake zote zina nafasi sawa, mkeka uliokunjwa ukautazama ubavuni, ile ya Archimedes. Nimepima kwa rula kwenye picha ya simu, nafasi ni zile zile toka ndani mpaka nje. Mtu kakaa maisha yake yote kutofautisha hivi vitu viwili, akalazwa chini ya kile kingine.

Hapo ndo nikaona safari hii yote inafanana. Jiwe la Ludolph limepotea, la Gauss fundi kagoma, la Bernoulli limekosewa. Lakini pai iko vile vile, pande 17 zinachoreka vile vile, yeyote mwenye bikari anazirudia jikoni kwake.

Jakob ana kingine ambacho Mtanzania yeyote aliyewahi kukopa atakielewa. Mwaka 1683 alijiuliza swali la riba. Chukua laki moja, riba asilimia 100 kwa mwaka (tulieni, ni mfano, ingawa hii mikopo ya kausha damu inapita hapo mbali). Ukilipa riba mara moja mwisho wa mwaka una 200,000. Sasa mkopeshaji akisema hapana, tupige nusu mwaka asilimia 50, halafu nusu nyingine asilimia 50 juu ya jumla, inakuwa 225,000. Kila miezi mitatu, 244,141. Kila mwezi, 261,304. Kila siku, 271,457. Swali la Jakob: huyu mkopeshaji akizidi kuwa na tamaa, kila saa, kila sekunde, kila kufumba na kufumbua, deni litapanda mpaka wapi? Akili ya haraka inasema halina mwisho. Kumbe lina mwisho! Halivuki 271,828 na senti kadhaa. Namba 2.71828 ndo ile Euler aliipa herufi e, na leo iko kwenye kila kitu, toka ukuaji wa bakteria mpaka kupoa kwa chai. Nikiwafundisha wanafunzi wangu logarithimu nilikuwa nawaambia tu e ni namba fulani wanayoikuta kwenye kalkuleta, nikirudi naanza na mkopeshaji.

Jioni nimekaa kingo za Rhine, watu wanaogelea wameshikilia mifuko isiyopitisha maji yenye nguo zao ndani, mto unawapeleka nyumbani, sijawahi kuona usafiri wa namna hiyo. Nikafungua daftari kwa ajili ya swali ambalo limebeba jina la mji huu mpaka leo.

Jumlisha 1, robo, moja ya tisa, moja ya kumi na sita, moja ya ishirini na tano, unaendelea hivyo na namba za mraba bila kusimama. Jibu ni ngapi? Pietro Mengoli wa Italia aliuliza katikati ya karne ya 17, Jakob akalishika akashindwa, mwaka 1689 akaandika wazi kwamba atakayelipata na kutuambia tutamshukuru sana. Mdogo wake Johann naye chali. Ukijumlisha namba tano za mwanzo unapata 1.4636. Kumi, 1.5498. Mia moja, 1.6350. Inatambaa taratibu mno, unajua inaenda mahali ila huoni ni wapi.

Leonhard Euler alizaliwa hapa hapa Basel 1707, Jakob alishakufa miaka miwili kabla. Baba yake mchungaji alitaka naye awe mchungaji, lakini kijana akawa anaenda kwa Johann Bernoulli kila Jumamosi mchana na maswali yaliyomshinda wiki nzima. Akaenda kufanya kazi St. Petersburg, na mwaka 1734, umri 27, akaleta jibu: pai mara pai, gawa kwa 6. Yaani 1.644934.

Ebu subiri kidogo hapo. Duara limetoka wapi?? Tumejumlisha sehemu tu, robo na moja ya tisa, hakuna bikari, hakuna kipenyo, na namba ya yule mpiga upanga wa Leiden inajitokeza imejipanga mbele. Euler alifika hapo kwa kuichukua saini ya trigonometria akaifanya kana kwamba ni zao la vipande vingi visivyo na mwisho, kila kipande kwa kila sehemu ambapo saini inagusa sifuri, na saini inagusa sifuri kwenye pai, pai mbili, pai tatu, ndo hapo mlango ulipofunguka. Wakati ule hakuwa na uthibitisho kamili kwamba ruhusa hiyo ipo, alikuja kuujazia baadaye. Johann aliposikia alisikitika kaka yake hayupo kuona. Walikuwa wamegombana hadharani miaka mingi hao ndugu wawili, lakini kwa hilo alimkumbuka. Nimelirudia kwenye daftari mpaka giza likaingia na kila nikifika mwisho nacheka mwenyewe.

Jumatano, Paris

Treni saa tatu hivi kutoka Basel. Nimeacha begi hosteli nikapanda treni ya mjini, RER, kwenda Bourg-la-Reine, kusini mwa jiji, kwa mwanahesabu Évariste Galois.

Kwa kifupi maana nina usingizi: alizaliwa hapo 1811. Baba yake, meya wa mji, alijiua 1829. Mwenyewe kafeli mtihani wa kuingia chuo cha École Polytechnique mara mbili. Karatasi zake alizopeleka Akademi ya Sayansi, moja ilipotea baada ya mwanahesabu Fourier aliyekuwa nayo kufariki, nyingine mwenzake Poisson akasema haieleweki. Akaingia siasa za kumpinga mfalme, akafungwa. Mei 1832 akaingia kwenye pambano la bastola ambalo sababu yake mpaka leo watu wanabishana, usiku wa kuamkia akamwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu ya hesabu, akapigwa tumboni tarehe 30, akafa 31. Miaka 20. Joseph Liouville ndo alichapisha kazi zake mwaka 1846.

Filamu na vitabu vinapenda kusema eti aligundua kila kitu usiku ule mmoja. Si kweli, alikuwa ameshafanya kazi ile miaka, barua ilikuwa muhtasari. Alichokipata ni sababu ya kwa nini milinganyo ya digrii ya 5 haina fomula ya jumla: mlinganyo wa digrii 2 fomula unaijua tangu sekondari, 3 na 4 Waitaliano walizipata karne ya 16, ya 5 Niels Abel wa Norway alithibitisha 1824 kwamba haipo, na Galois akaonyesha jinsi ya kuutazama mlinganyo wowote ule na kujua kama unatatulika, kwa kuangalia majibu yake yanavyoweza kubadilishana nafasi.

Alizikwa Montparnasse kwenye kaburi la pamoja, mahali penyewe hapajulikani. Hapa Bourg-la-Reine kuna jiwe la ukumbusho tu kwenye makaburi ya familia. Kuna mtu alikuwa ameacha kalamu juu yake, ya wino wa buluu.

Alhamisi, Paris

Makaburi ya Père Lachaise ni makubwa utapotea. Foleni ya watalii inaenda kwa Jim Morrison na Chopin, mi nikaenda kwa mwanahesabu Sophie Germain, nikawa peke yangu.

Alizaliwa 1776. Mapinduzi yalipoanza alikuwa na miaka 13, nje hakutokeki, akajifungia maktaba ya baba yake akasoma habari ya Archimedes kuuawa na askari akiwa anafanya hesabu, akasema hesabu lazima ni tamu sana kama mtu anaweza kusahau askari. Wazazi wakamkataza, usiku wanachukua mishumaa, wanazima moto, wanaficha nguo ili asitoke kitandani kwa baridi. Akajifunika mablanketi akaendelea kwa mshumaa aliouficha. École Polytechnique ilikuwa haichukui wanawake, akawa anapata notisi za masomo na kupeleka kazi kwa jina la Monsieur LeBlanc. Kwa jina hilo hilo akawa anaandikiana na Gauss kuanzia 1804. Jeshi la Napoleon lilipoingia Braunschweig aliogopa Gauss asije akaisha kama Archimedes, akamwomba jenerali Pernety rafiki wa familia amlinde, Gauss akashangaa, huyu mademoiselle Germain ni nani? Ndo akajulikana. Na barua Gauss aliyoandika baada ya kujua ni nzuri, anasema mwanamke aliyepita vikwazo vyote hivyo lazima ana ujasiri na kipaji kisicho cha kawaida.

Mwaka 1816 akapata tuzo ya Akademi kwa kazi ya mitetemo ya sahani za chuma. Mnara wa Eiffel umejengwa juu ya elimu ya aina hiyo, na umeandikwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi kuuzunguka, Cauchy yupo, Fourier yupo, Poisson yupo, yeye hakuandikwa. Nimeenda kusoma yote kutoka chini, shingo inauma.

Kilichobaki kwa jina lake ni namba. Namba tasa ambayo ukiirudufu ukaongeza 1 unapata tena namba tasa inaitwa namba tasa ya Germain, alizitumia kushambulia lile tatizo la Fermat, kuthibitisha kwamba namba nzima mbili zikipandishwa kipeo cha 3 au zaidi hazijumlishiki kuwa namba nzima ya tatu ya kipeo hicho hicho. 11 ni mojawapo: 11 inazaa 23. Na 11 ipo mara mbili kwenye ule mfupa wa Ishango, bila shaka ni bahati tu, ila nimefurahi. Anza na 2: inazaa 5, inazaa 11, inazaa 23, inazaa 47, na 47 inazaa 95 ambayo inagawanyika kwa 5, mnyororo umekatika. Kuna namba ngapi za hivi kwa jumla, zina mwisho au hazina? Mpaka leo hakuna aliyethibitisha. Ni swali la mtoto wa darasa la sita na dunia nzima imekwama.

Nipo kwenye basi la usiku kurudi Brussels, taa zimezimwa, jirani yangu anakoroma, na mi nimeanza na 89. Inazaa 179. Inazaa 359. Inazaa 719. Inazaa 1439. Inazaa 2879. Zote tasa, nimezikagua moja moja kwa mwanga wa simu. Inayofuata ni 5759, nimejaribu 3, 7, 11, zote zimekataa, nikaanza kupata matumaini, nikajaribu 13. Ni 13 mara 443.